Nani Huchaguliwa? Upward Bound na Historia ya Kuwaandaa Wanafunzi wa Sekondari kwa Elimu ya Juu nchini Marekani, 1956–2008

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya programu za kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kujiunga na elimu ya juu nchini Marekani, kwa kujikita katika programu ya serikali iitwayo Upward Bound. Kipindi kinachochunguzwa kinaanzia mwaka 1956, ulipoanzishwa mradi wa majaribio katika shule mbili za jiji la New York, na kuishia mwaka 2008, Bunge la Marekani lilipoizuia serikali kuwalazimisha waendeshaji wa programu kuandikisha watoto wasiokusudiwa kuhudumiwa. Hoja ya msingi ni kwamba historia hiyo haieleweki kwa kutazama mafanikio ya wahitimu peke yake. Inapaswa kusomwa pia kama historia ya uchaguzi: nani alichukuliwa, kwa kigezo gani, na nani aliachwa. Vigezo vinne vinajadiliwa, yaani rangi, umaskini, elimu ya wazazi na kura. Inabainishwa kwamba kila kigezo kilitokana na mvutano wa wakati wake, na kwamba uzito wa swali la kigezo ulisababishwa na uhaba wa nafasi ambao haukuwahi kutatuliwa.

1.0 Utangulizi

Nchini Marekani hakuna mtihani mmoja wa taifa unaomfungulia mwanafunzi mlango wa chuo kikuu. Kila chuo hujichagulia wanafunzi wake kwa kupima mambo mengi kwa pamoja: alama za miaka minne ya sekondari, ugumu wa masomo aliyoyachukua mwanafunzi, matokeo ya mitihani ya mashirika binafsi kama SAT, barua za walimu, insha ya mwombaji mwenyewe na, katika vyuo vingi, uwezo wa familia kulipa. Mfumo wa namna hii unahitaji maarifa yasiyofundishwa darasani. Mwanafunzi anapaswa kujua mapema, pengine akiwa na miaka kumi na minne, kwamba asipochukua aljebra mwaka huu hataweza kufika kalkulasi mwaka wa mwisho. Anapaswa kujua tarehe za maombi, fomu za mikopo na tofauti kati ya chuo cha miaka miwili na cha miaka minne. Mtoto ambaye wazazi wake walisoma chuo kikuu huyapata maarifa hayo mezani kwao. Mtoto ambaye wazazi wake hawakusoma huyakosa, hata kama ana akili kuliko wenzake.

Programu za maandalizi zilibuniwa ili kuliziba pengo hilo. Msomaji wa Afrika Mashariki asizichanganye na masomo ya ziada ya likizo yanayolipiwa na mzazi ili mtoto apate alama za juu katika mtihani wa taifa. Programu zinazojadiliwa hapa hugharimiwa na serikali, na aghalabu humhamishia mwanafunzi katika bweni la chuo kwa wiki sita za majira ya joto. Lengo lake si alama peke yake, bali ni kumfanya mwanafunzi akizoee chuo kabla hajakiomba.

Istilahi inayotumika kwa walengwa wa programu hizi, yaani wanafunzi wa makundi yasiyowakilishwa vya kutosha, inahitaji tahadhari. Kwa maana ya kitakwimu, kundi haliwakilishwi vya kutosha iwapo sehemu yake katika vyuo ni ndogo kuliko sehemu yake katika jamii. Hata hivyo, takwimu hazisemi kundi ligawanywe kwa msingi gani. Watu hao hao wanaweza kuhesabiwa kwa rangi, kwa kipato, kwa mahali wanapoishi au kwa elimu ya wazazi, na kila hesabu humwingiza mtoto mmoja na kumtoa mwingine. Kwa hiyo istilahi yenyewe ni sehemu ya historia inayochunguzwa.

2.0 Majaribio ya Awali, 1956–1964

Mnamo tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, ikatamka kwamba kutenganisha shule za umma kwa misingi ya rangi ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo ililenga zaidi majimbo ya Kusini, lakini iliamsha maswali Kaskazini pia, ambako shule zilitenganishwa na mipaka ya mitaa badala ya sheria. Katika jiji la New York, shule za mitaa ya Weusi na Wapuerto Riko ziliendelea kutoa wahitimu wachache waliokwenda vyuoni.

Mwaka 1956 ulianzishwa mradi wa majaribio katika Junior High School 43, jirani na Harlem, na baadaye wanafunzi wake wakafuatiliwa hadi George Washington High School. Mradi huo uliongeza washauri wa wanafunzi, ukapunguza idadi ya wanafunzi katika madarasa ya lugha na hisabati, ukawapeleka wanafunzi kutembelea vyuo, majumba ya makumbusho na kumbi za muziki, na ukawashirikisha wazazi. Matokeo yalitia moyo. Wanafunzi wengi zaidi walimaliza sekondari, na wengi zaidi waliendelea na masomo ya juu kuliko waliowatangulia katika shule hizo hizo.

Mafanikio hayo yalizaa shinikizo la kuupanua mradi. Kuanzia mwaka 1959, kwa jina la Higher Horizons, ulisambazwa hadi ukafikia zaidi ya shule 60. Fedha hazikuongezeka kwa kiwango hicho, hivyo kiasi cha ziada kilichotumika kwa kila mwanafunzi kilishuka sana. Tathmini iliyofanywa mwaka 1964 haikuona tofauti ya maana kati ya shule zilizokuwa katika mradi na zisizokuwamo, na mwaka 1966 mradi ukafikia kikomo. Tukio hili lina uzito mkubwa katika hoja ya insha hii, kwa sababu mapema kabisa lilidhihirisha mtanziko ambao ungejirudia kwa nusu karne. Huduma nzito iliyotolewa kwa wachache ilizaa matunda, lakini iliwaacha wengi nje. Huduma hiyo hiyo iliposambazwa kwa wengi bila fedha za kutosha, ilipungua nguvu hata isionekane.

Sambamba na juhudi za jiji hilo, taasisi binafsi nazo zilianza kuchukua hatua. Mwaka 1963 baadhi ya shule binafsi za bweni zilianzisha mpango uliokuja kujulikana kama A Better Chance, na katika majira ya joto ya 1964 wavulana 55 walipelekwa Chuo cha Dartmouth kuandaliwa kabla ya kuingia katika shule hizo. Mwaka huo huo, vituo vya maandalizi vilifunguliwa katika vyuo vya kihistoria vya Weusi, vikiwemo Howard, Fisk, Morehouse, Dillard na Texas Southern. Tofauti ya njia hizi mbili inafaa kuzingatiwa. Ya kwanza ilimtoa mtoto katika jamii yake na kumpeleka kwa matajiri. Ya pili ilimpeleka chuoni miongoni mwa wasomi waliofanana naye. Hata hivyo zote mbili zilikuwa na kigezo kimoja kilichoeleweka bila kutamkwa sana, nacho ni kwamba mtoto Mweusi alikuwa amefungiwa mlango kwa sababu ya rangi yake, hivyo rangi ndiyo ilikuwa sababu ya kumfungulia.

3.0 Vita dhidi ya Umaskini na Kuzaliwa kwa Upward Bound

Tarehe 8 Januari 1964, Rais Lyndon B. Johnson alitangaza mbele ya Bunge vita dhidi ya umaskini. Sheria ya Fursa za Kiuchumi ilisainiwa tarehe 20 Agosti mwaka huo, na ikaunda Ofisi ya Fursa za Kiuchumi chini ya Sargent Shriver. Ofisi hiyo ilipewa uhuru wa kufanya majaribio, na miongoni mwa majaribio yake ilikuwa Upward Bound. Katika majira ya joto ya 1965 miradi 17 ilipokea takriban wanafunzi 2,000. Mwaka uliofuata programu ilisambaa katika zaidi ya vyuo 200.

Kuingia kwa serikali kuu kulibadilisha kigezo. Ofisi hiyo ilikuwa imeundwa kupambana na umaskini, kwa hiyo mtoto alipaswa kuwa maskini. Mabadiliko haya yalikuwa na mantiki ya kisheria na ya kisiasa kwa wakati mmoja. Kisheria, fedha zilitokana na sheria iliyotaja kipato. Kisiasa, programu iliyowahusu Weusi wa Mississippi, Wazungu wa milima ya Appalachia, Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko Texas na wenyeji asilia katika maeneo yao ilipata watetezi katika majimbo mengi zaidi bungeni kuliko ambavyo ingepata programu ya kundi moja. Hata hivyo, kwa kuwa umaskini wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi kutokana na historia ya utumwa na ubaguzi, kigezo cha kipato kiliendelea kuwafikia watoto Weusi kwa wingi.

Johnson mwenyewe alikuwa na ushuhuda wa jambo hili. Mwaka 1928, akiwa bado mwanafunzi wa ualimu, alifundisha watoto wenye asili ya Meksiko katika mji wa Cotulla, Texas. Aliposaini Sheria ya Elimu ya Juu tarehe 8 Novemba 1965, alikwenda kuisaini huko San Marcos, katika chuo alichosoma, na akawakumbuka watoto hao ambao chuo kilikuwa kimefungwa kwao kwa sababu ya umaskini. Sheria hiyo ilianzisha programu ya pili, Talent Search, iliyohusika na kuwatafuta wanafunzi wenye uwezo na kuwapa ushauri. Marekebisho ya mwaka 1968 yakaongeza programu ya tatu ya kuwasaidia wale waliokwisha kuingia chuoni, na kutokana na idadi hiyo ya programu tatu likazaliwa jina TRIO. Jina hilo lilibaki hata programu zilipozidi tatu.

Marekebisho hayo hayo ya 1968 yaliihamisha Upward Bound kutoka Ofisi ya Fursa za Kiuchumi kwenda Ofisi ya Elimu, na uhamisho ukakamilika mwaka 1969. Uamuzi huo unaweza kuonekana kuwa wa kiutawala tu, lakini ulibadili tabia ya programu. Ofisi ya awali ilikuwa na mwelekeo wa kuzitikisa taasisi: iliamini kwamba vyuo na shule vingebadilika kwa kukutana na watoto maskini. Ofisi ya Elimu ilikuwa na mazoea ya kutoa ruzuku kwa taasisi hizo hizo na kudai hesabu za matumizi. Uhamisho uliinusuru programu, kwa kuwa Ofisi ya Fursa za Kiuchumi ilivunjwavunjwa katika miaka ya 1970, lakini uliipunguzia makali ya kuhoji shule zenyewe.

4.0 Muundo na Maisha ya Programu

Kiini cha Upward Bound ni majira ya joto. Kwa wiki sita hivi, wanafunzi wa mradi huishi katika mabweni ya chuo, hula katika bwalo la chuo na kusoma katika kumbi za mihadhara. Asubuhi hutengwa kwa masomo, mchana kwa maabara, michezo na sanaa, na jioni kwa masomo ya binafsi yanayosimamiwa na wanafunzi wa chuo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wengi wa wasimamizi hao huwa wamepitia programu hiyo hiyo. Katika miezi ya shule, mwanafunzi hurudi nyumbani na kukutana na wakufunzi baada ya vipindi au siku za Jumamosi. Anapomaliza sekondari hupewa majira ya joto ya mwisho, yajulikanayo kama daraja, ambapo huanza kusoma masomo ya chuo akiwa bado chini ya uangalizi.

Mpangilio huo una sababu za kitaaluma. Mwaka 1978 Barbara Heyns alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Atlanta, akaonyesha kwamba pengo kati ya watoto wa kaya tajiri na maskini hupanuka zaidi wakati shule zimefungwa kuliko wakati zimefunguliwa. Likizo kwa mtoto wa tajiri ni safari, vitabu na kambi. Kwa mtoto wa maskini ni kazi, kulea wadogo zake, au kukaa bila shughuli. Miongo kadhaa baadaye, Benjamin Castleman na Lindsay Page walionyesha hatari nyingine ya msimu huo huo. Kati ya asilimia 10 na 40 ya wahitimu wa sekondari waliokusudia kwenda chuoni hawakufika, kutegemea kundi na mahali. Walikuwa wamekubaliwa, lakini katika miezi michache kabla ya masomo walikwamishwa na fomu, ada ya awali au barua ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake. Daraja la Upward Bound lilikuwa limeijibu hatari hiyo kwa vitendo kabla watafiti hawajaipima.

Jambo la posho nalo linastahili kutajwa. Sheria inaruhusu mwanafunzi alipwe posho isiyozidi dola 60 kwa mwezi katika majira ya joto na dola 40 katika miezi mingine. Kiasi hicho ni kidogo, na thamani yake imepungua kadiri miaka ilivyopita, lakini kinakiri ukweli ambao sera nyingi za elimu huufumbia macho: kijana wa kaya maskini anapokwenda kusoma wakati wa likizo, kuna ujira ambao familia yake imeukosa. Kwa kaya inayotegemea mshahara wa kijana katika duka au shambani, wiki sita za masomo bila malipo bado zina gharama.

Kuhusu maudhui, mwanzoni kila mradi ulijipangia. Baadhi ilisisitiza tamthilia na mijadala ya kisiasa, mingine hisabati. Marekebisho ya mwaka 1992 yaliweka sharti kwamba kila mradi ufundishe hisabati hadi ngazi inayotangulia kalkulasi, sayansi ya maabara, lugha ya kigeni, uandishi na fasihi. Kwa njia hiyo programu ilikuja kukiri waziwazi jambo ambalo lilikuwa likijulikana tangu mwanzo, kwamba shule nyingi walizotoka wanafunzi wake hazikuwa zikifundisha masomo hayo kwa kiwango kinachotakiwa na vyuo.

5.0 Kutoka Umaskini hadi Elimu ya Wazazi

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kigezo cha kipato peke yake kilianza kuonekana kuwa na kasoro. Kipato cha kaya hupanda na kushuka. Familia ya mwalimu aliyepoteza kazi inaweza kuwa maskini mwaka huu, lakini bado ina vitabu na ujuzi wa chuo. Kinyume chake, familia ya mfanyakazi wa kiwanda chenye chama imara inaweza kuvuka mstari wa umaskini bila kuwa na mtu yeyote aliyewahi kuingia katika ukumbi wa mihadhara.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu mwaka 1980 yaliingiza dhana ya mwanafunzi wa kizazi cha kwanza, yaani yule ambaye wazazi wake hawana shahada ya kwanza. Sharti likawa kwamba theluthi mbili ya wanafunzi wa kila mradi wawe maskini na pia wawe wa kizazi cha kwanza, na waliosalia wawe na angalau mojawapo ya sifa hizo. Miongoni mwa watetezi wa dhana hiyo alikuwa Arnold Mitchem, aliyeongoza programu ya fursa za elimu katika Chuo Kikuu cha Marquette na baadaye kuwa kiongozi wa chombo cha kitaifa cha waendeshaji wa TRIO.

Uamuzi wa 1980 unapaswa kusomwa pamoja na hukumu ya Bakke ya mwaka 1978, ambapo Mahakama Kuu ilikataza vyuo kutenga idadi maalumu ya nafasi kwa misingi ya rangi, ingawa iliruhusu rangi izingatiwe kama jambo moja kati ya mengi. Katika mazingira hayo, dhana ya kizazi cha kwanza ilikuwa na faida mbili. Ilieleza tatizo kwa usahihi zaidi, kwa maana ya ukosefu wa maarifa ya kurithi kuhusu chuo. Pia haikuweza kushambuliwa mahakamani kwa hoja ya ubaguzi wa rangi. Hata hivyo kulikuwa na gharama. Lugha ya kizazi cha kwanza humweleza mtoto kwa kile ambacho wazazi wake hawakukipata, bila kueleza kwa nini hawakukipata. Baba Mweusi wa Alabama aliyezaliwa mwaka 1930 hakukosa chuo kikuu cha jimbo lake kwa bahati mbaya; alikatazwa. Kigezo kipya kilihesabu matokeo ya katazo hilo na kulisahau katazo lenyewe.

6.0 Programu za Vyuo na Mgogoro wa Rangi, 1975–2003

Wakati programu za serikali zikihamia katika kigezo cha elimu ya wazazi, baadhi ya vyuo viliendelea kutumia rangi katika programu zao wenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa chuo cha teknolojia cha MIT, ambacho katikati ya miaka ya 1970 kilianzisha programu ya majira ya joto kwa wanafunzi wa sekondari kutoka jamii za wachache waliokusudia kusoma uhandisi na sayansi. Wanafunzi walisoma bila kulipa ada, na masomo yalikuwa magumu kwa makusudi: lengo halikuwa kuwarudisha nyuma kufidia yaliyopungua, bali kuwaonyesha kwamba wanaweza kubeba mzigo wa chuo hicho. Falsafa hiyo ilitofautiana na dhana ya marekebisho iliyotawala programu nyingi, na ilikuwa na athari kwa namna walimu walivyowatazama wanafunzi.

Mwaka 2003, baada ya malalamiko yaliyofikishwa katika ofisi ya serikali ya haki za kiraia katika elimu, MIT ilitangaza kwamba programu zake za majira ya joto zitakuwa wazi kwa waombaji wa rangi zote. Miezi michache baadaye, katika kesi ya Grutter dhidi ya Bollinger, Mahakama Kuu iliruhusu rangi iendelee kuzingatiwa katika udahili wa vyuo. Hivyo kukawa na hali ya kushangaza. Chuo kiliweza kuzingatia rangi wakati wa kumchagua mwanafunzi, lakini kiliogopa kuizingatia wakati wa kumwandaa. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ilipobatilisha matumizi ya rangi katika udahili. Kwa mtazamo wa kihistoria, programu za maandalizi ndizo zilizotangulia kuonja mabadiliko ambayo udahili wenyewe ungeyapata miaka ishirini baadaye.

7.0 Kura na Kundi Dhibiti, 1992–2008

Kigezo cha nne hakikutoka bungeni wala mahakamani, bali katika sayansi ya tathmini. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Elimu iligharimia utafiti wa kitaifa wa Upward Bound uliofanywa na taasisi ya Mathematica. Katika miradi 67 iliyoteuliwa, waombaji waliotimiza masharti walipigiwa kura. Waliopata waliingia katika programu, na waliokosa walifuatiliwa kama kundi dhibiti. Kwa jumla, wanafunzi takriban 2,800 walihusishwa.

Matokeo yaliwashtua wengi. Ripoti zilizofuatana, hadi ile ya mwisho ya mwaka 2009, hazikuona tofauti ya kuaminika kati ya makundi hayo mawili katika kujiunga na elimu ya juu kwa ujumla. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba kwa wanafunzi ambao mwanzoni hawakutarajia kupata shahada, uwezekano wa kujiunga na chuo cha miaka minne uliongezeka zaidi ya maradufu. Tafsiri ya matokeo haya ilizua ubishi. Wakosoaji, akiwemo Margaret Cahalan, walibainisha kwamba mradi mmoja kati ya 67 ulibeba takriban asilimia 26 ya uzito wote wa kitakwimu, na kwamba sehemu kubwa ya kundi dhibiti ilikuwa imepata huduma nyingine za aina hiyo. Kwa maana hiyo, utafiti haukulinganisha huduma na ukosefu wa huduma, bali huduma moja na nyingine.

Ubishi huo haukubaki kwa wataalamu. Upward Bound ilikuwa imepewa daraja la programu isiyofaa katika mfumo wa serikali wa kupima utendaji, na bajeti iliyopendekezwa na Rais George W. Bush kwa mwaka wa fedha 2006 ilikusudia kuifuta. Bunge lilikataa. Ndipo mnamo Septemba 2006 Wizara ikatangaza utaratibu mpya uliofungua njia ya utafiti mwingine wa kura, ambapo miradi iliyoteuliwa ingelazimika kutafuta waombaji mara mbili ya nafasi zilizokuwepo.

Hapa pana tofauti ya kimaadili ambayo mara nyingi hupotea katika mjadala. Watetezi wa utafiti walisema kwamba nafasi ni chache kuliko wahitaji, hivyo watoto huachwa kila mwaka, kwa kura au bila kura. Kura, walidai, ni ya haki kuliko upendeleo wa mwalimu au bidii ya mzazi anayejua kujaza fomu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini wakurugenzi wa miradi walijibu kwamba kuna tofauti kati ya kumkosea nafasi mtoto aliyekuja mwenyewe na kumwendea mtoto nyumbani kwake, kumshawishi yeye na mama yake kwamba chuo kinawezekana, ilhali mpango ni kwamba nusu ya watakaoshawishika hawatapokewa. Katika hali ya kwanza mradi unakabiliana na uhaba uliopo. Katika hali ya pili unautengeneza. Mtoto huyo anayeachwa ndiye yule ambaye programu iliundwa kwa ajili yake, na kazi kubwa ya mkurugenzi katika mtaa maskini ni kuaminiwa na watu ambao wamekwisha kuahidiwa mengi.

Bunge lilikubaliana na wakurugenzi. Utafiti ulisitishwa, na Sheria ya Fursa za Elimu ya Juu iliyosainiwa tarehe 14 Agosti 2008 ikaizuia Wizara kuulazimisha mradi wowote kuandikisha wanafunzi zaidi ya inaokusudia kuwahudumia ili tu wawepo wa kunyimwa. Sheria haikukataza tathmini. Ilitaka zifanywe kwa njia nyingine. Kwa hiyo si sahihi kuueleza uamuzi huo kama ushindi wa siasa dhidi ya sayansi. Ulikuwa uamuzi kuhusu mpaka wa kile ambacho serikali inaweza kumfanyia raia wake mdogo ili ijifunze jambo.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba vigezo vya kuwachagua walengwa vilibadilika mara tatu katika kipindi kilichochunguzwa, na kwamba kila badiliko lilijibu kasoro ya kigezo kilichotangulia huku likizalisha nyingine. Rangi ilitaja chanzo cha dhuluma, lakini haikustahimili mahakamani. Umaskini ulijenga umoja wa kisiasa, lakini haukutofautisha ukosefu wa fedha na ukosefu wa maarifa. Elimu ya wazazi ilitaja maarifa, lakini ilisahau historia. Kura ilileta usawa wa kihesabu, lakini ilipolazimishwa ilihitaji matumaini ya watoto kama malighafi.

Njia mbadala ilikuwepo. Mwaka 1998 Bunge lilianzisha programu ya GEAR UP, ambayo haichagui mwanafunzi mmojammoja, bali humchukua kila mtoto wa darasa zima katika shule ya eneo maskini, kuanzia darasa la saba au kabla, na kumfuata hadi amalize sekondari. Mpango huo ulirejea katika wazo la Higher Horizons la kuifikia shule nzima, na kwa sababu hiyo ulirithi pia hatari yake, kwamba fedha zikigawanywa kwa wengi huenda zisionekane kwa yeyote. Kati ya mifano hii miwili, historia haikutoa mshindi, kwa kuwa hakuna kati yake uliowahi kupewa fedha za kuwafikia wote wanaostahili kwa nguvu inayotakiwa.

Kwa watafiti, matokeo haya yana maana ya kimbinu. Tafiti nyingi kuhusu programu za maandalizi huanzia pale mwanafunzi anapoingia katika programu na kuuliza alifika wapi. Historia iliyojadiliwa hapa inadokeza kwamba uchunguzi uanze hatua moja nyuma, katika meza ambako orodha ya majina hupunguzwa. Rekodi za waombaji waliokataliwa, fomu za usaili na barua za wakurugenzi kwa Wizara ni hifadhi ambazo zinastahili kusomwa kwa uzito uleule unaopewa takwimu za wahitimu. Humo ndimo kunamoonekana jinsi taifa lilivyoamua, mwaka hadi mwaka, ni mtoto yupi wa maskini angepewa bweni, maabara na mtu wa kumweleza maana ya barua ya chuo, na yupi angeendelea kubaki katika shule ambayo hakuna aliyepanga kuibadilisha.